Kunyooshwa kiuno: kwa nini nguvu hairudi yenyewe

Mkuu, umeuliza kwa nini ukitoka kunyooshwa kiuno, yaani kusukumwa pingili kwa mikono mpaka zitoe mlio, unainuka mwepesi, unabeba ndoo bila shida, halafu kesho yake mgongo umelegea tena.

Ule mlio unaousikia si pingili iliyorudi mahali pake, haikuwa imehama. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo pale kinapotanuliwa ghafla. Kinachobadilika ni ishara za mishipa ya fahamu: misuli iliyokaza kwa kujihami inalegea, na ile iliyozubaishwa na maumivu inaitika. Lakini hilo ni la muda mfupi, na msuli haujaongezeka hata kidogo.

Wa kuangalia ni multifidasi, msuli wa ndani uliojishika kwenye pingili zenyewe. Kiuno kikiuma upande mmoja, hunyauka upande huohuo. Mtafiti wa tiba ya viungo Julie Hides na wenzake, Australia, walionyesha mwaka 1996 kwamba wiki 10 baadaye, maumivu yakiwa yameshaisha, waliokosa mazoezi maalumu msuli wao ulikuwa bado mdogo. Ndiyo maana kunyooshwa bila mazoezi naona ni nusu ya tiba.

Kwa hiyo anza mazoezi siku hiyohiyo, mwili ukiwa bado mwepesi. Lala kifudifudi, weka vidole sentimita 2 hivi kando ya uti, usawa wa kiuno. Jaribu kuuvimbisha msuli taratibu chini ya vidole, bila kusogeza mgongo wala kubana pumzi. Shikilia sekunde 10, mara 10. Ukiuweza, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha badilisha. Wengi huharibu hapa: wanainua mguu juu mno mpaka kiuno kinabonyea, misuli mikubwa inabeba kazi yote na multifidasi inabaki imelala. Mguu usipite usawa wa mgongo.

Jipime pia. Simama kwa mguu mmoja, panda kwa ncha za vidole mara 20. Upande mmoja ukishindwa mapema sana, au kidole gumba cha mguu hakinyanyuki, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Muone daktari kwanza.

Ganzi katikati ya mapaja au mkojo kuziba ni dharura, nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda ni jambo jingine, maana kifua kikuu hushika pingili pia. Hapo mgongo usinyooshwe na mtu yeyote kabla ya picha na vipimo.