Sikio limeacha kusikia ghafla: mafuta yakae jikoni

SWALI: Daktari, Jumapili niliamka sikio la kulia limeziba na linavuma. Jirani akanitilia mafuta ya moto yenye kitunguu saumu, sikupata nafuu. Leo ni siku ya tano. Famasi wameniuzia matone ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Nitumie kwa siku ngapi? (Msomaji, Ngaramtoni, Arusha)

JIBU: Hata siku moja. Funga mdomo, uvume "mmmm". Mvumo ukiusikia zaidi kulia, huenda ni nta, au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ukihamia kushoto, shaka inaangukia ndani kabisa, kwenye koklea (kiungo cha ndani kinachopokea sauti) au mshipa wake wa fahamu, na hiyo ni dharura. Jaribio hili si kipimo. Vyovyote litakavyojibu, nenda leo kliniki ya masikio, pua na koo; hospitali ya KCMC, Moshi, ipo. Mapokezi usiseme "limeziba", utapangwa na wa kuoshwa nta. Sema "limeacha kusikia ghafla tangu Jumapili".

Kipimo cha usikivu kikithibitisha kuwa tatizo liko huko ndani, kwa kawaida mtu mzima huanzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hadi miligramu 60 kwa siku kwa siku 7 hadi 14, kisha hupunguzwa taratibu. Hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo, na wewe umeshatumia siku tano kwa kitunguu. Usijinunulie: hupandisha sukari na presha.

Sasa hayo mafuta. Ngoma ikiwa nzima hayapiti, kwa hiyo koklea hayaifikii. Ikiwa imetoboka yanapita, na uchafu wake. Jentamaisini ikipenya huko yaweza kuua usikivu uliobaki na kukuachia kizunguzungu. Kwa ugonjwa huu mafuta ama hayasaidii ama yanaumiza. Njia ya tatu siioni. Sifa yanaipata wapi? Baadhi ya wagonjwa hawa hupona wenyewe, na aliyetia mafuta juzi ndiye anayeshukuriwa.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Sikio linatoa usaha, mzazi anatia mafuta, kisha anaziba kwa pamba, usaha unabaki ndani. Sokota kitambaa safi kiwe utambi, kinyonye usaha, ubadilishe mpaka kitoke kikavu, angalau mara 3 kwa siku. Liache wazi, lisiingie maji, na mtoto apelekwe hospitali ngoma ikaangaliwe kabla ya tone lolote.