Chumvi ya kawaida: kampaundi au mchanganyiko?

SWALI: Wahariri wapendwa, mwalimu wetu wa kemia wa kidato cha tatu anasema chumvi ni kampaundi. Mjomba wangu, mvunaji wa chumvi Katwe, kwenye ziwa la chumvi magharibi mwa Uganda, anakataa: ni mchanganyiko, maana ina magadi na tope. Nani yuko sahihi, na tutathibitishaje shuleni? – Msomaji, Kasese

JIBU: Wote wawili. Wanaita vitu viwili kwa jina moja.

Mwalimu anazungumzia sodiamu kloridi, na hiyo ni kampaundi, yaani elementi zilizoungana kikemia kwa uwiano usiobadilika. Kila gramu 100 zina gramu 39.3 za sodiamu na 60.7 za klorini, iwe imetoka baharini, Katwe au Kibiro, kijiji cha chumvi kando ya Ziwa Albert. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ikiguswa na maji. Klorini ni gesi ya sumu. Zikiungana, tunatia kwenye mboga. Kuchuja, kusaga wala kuchemsha hakuzitenganishi. Hapa neno "kuyeyuka" huwachanganya wanafunzi, kwa kuwa chumvi huyeyuka ndani ya maji na huyeyuka pia kwa moto, kwenye nyuzi joto 801 za selsiasi. Kote huko inabaki chumvi. Sodiamu hupatikana umeme ukipitishwa katika ile iliyoyeyuka kwa moto. Ukiupitisha katika maji ya chumvi mtapata haidrojeni na klorini, kwa hiyo msijaribu ndani ya chumba kilichofungwa.

Mjomba anazungumzia bonge. Bonge la Katwe lina sodiamu kloridi, magadi, salfeti ya sodiamu na udongo, na viwango havilingani kati ya bonge moja na jingine. Hilo ndilo linalolifanya mchanganyiko. Hata chumvi ya pakiti imetiwa iodeti (kampaundi yenye iodini) kidogo ya kuzuia rovu, basi kwa ukali wa kemia nayo ni mchanganyiko. Kwenye mtihani, hata hivyo, "chumvi ya kawaida" ni sodiamu kloridi: andika kampaundi.

Sasa jaribio. Sageni gramu 50 za bonge, mimineni katika mililita 200 za maji ya moto, korogeni dakika tano. Msipunguze maji: mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 36 tu za chumvi, na itakayozidi itabaki juu ya chujio mkaitupa mkidhani ni mchanga. Chujeni kwa karatasi ya chujio; kitambaa hupitisha tope laini.

Wengi huishia hapo, wakaona maji maangavu na kusema chumvi imetakata. Si kweli. Magadi nayo huyeyuka majini na kupita kwenye chujio. Chukueni kijiko kimoja cha maji hayo, kamulieni ndimu: yakitoa mapovu, magadi yamo. Kwenye maji yaliyobaki, tieni asidi haidrokloriki hafifu tone kwa tone, mkikoroga, mpaka mapovu yakome. Asidi hiyo hugeuza magadi kuwa sodiamu kloridi, maji na hewa ya kaboni. Salfeti haiguswi, hivyo msiite mtakachopata chumvi halisi, wala msikionje.

Mwisho, chemsheni taratibu na mzime moto maji yakibaki kidogo. Mkikausha kabisa juu ya moto, punje huruka na kuunguza macho. Acheni bakuli siku mbili kivulini. Fuwele za chumvi zitaonekana, zenye umbo la mchemraba.