Talaka bila wakili: hiyo fomu ya California iache, mwanangu

"Shangazi shikamoo. Niko Uyole, Mbeya, nina watoto wawili, wa miaka 11 na 4. Tulifunga ndoa kanisani miaka 13 iliyopita. Mwenzangu kahamia Makambako kwenye mbao na ana mtu mwingine huko, hajawahi kunipiga, hatugombani, tumekubaliana tu tuachane. Wakili niliyemuuliza katamka hela ambayo sina. Nimepakua kwenye intaneti fomu ya mpango wa malezi ya watoto ya kule California, nimeanza kuijaza. Nikiipeleka mahakamani wataipokea?" Mama Wawili, Uyole.

Marahaba mwanangu, na kamwene. Najua huko kwenu hamsalimiani hivo ila mi Mhehe, utanivumilia.

Nimecheka kidogo, samahani, nilivyokuwa nakuwaza umekaa Uyole na kibaridi chote hicho unajaza nani atakaa na watoto Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani. Hapana, hiyo haitakusaidia. Ila kufanya mwenyewe bila wakili inawezekana kabisa na wengi wanafanya, tatizo wanaanzia mwisho. Wanakimbilia mahakamani wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza mpite baraza la usuluhishi wa ndoa, likishindwa kuwapatanisha ndo linawapa hati ya kwamba limeshindwa, hiyo hati ndo inaambatana na maombi yako ya talaka. Bila hiyo unarudishwa, au mbaya zaidi kesi inasikilizwa mpaka mwisho af ukikata rufaa yote inafutwa. Na usidanganywe na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kikao cha wazee wa ukoo, hivo ni vikao vya heshima tu, hati ni ya baraza. Baraza la kata linafanya kazi hiyo, na baadhi ya madhehebu yana mabaraza yao, ila uliza mapema lipi linawahusu nyie maana sheria inaangalia kata anayoishi mume, na wako yuko Makambako. Usije ukapoteza nauli.

Ukishapata hati, mahakama ya mwanzo inaweza kusikiliza, hata kama ndoa ni ya kanisani. Mambo ya kanisa kukutambua au kutokukutambua ni ya mchungaji wako, hakimu hayamhusu. Na msidhani kwa kuwa mmekubaliana hakimu atagonga muhuri tu mwende zenu, hapana, lazima aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, kwaiyo atauliza. Sema ukweli, alihama lini, huyo mtu mwingine alianza lini, nani analisha watoto tangu hapo.

Nyumba na shamba, kama mlichuma wote usiandike "sidai chochote" eti kwa sababu hati ya nyumba ina jina lake na wewe ulikuwa unapika na kulea tu. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Hilo sirudii.

Sasa watoto, hapa ndo nataka uumize kichwa. Fomu yako ya California ilikuwa na akili kwenye jambo moja, inauliza vitu vidogo vidogo. Mi nilipoachika, makubaliano yetu yaliandikwa "baba atawaona watoto mara kwa mara". Basi. Kwangu mara kwa mara ilikuwa kila Jumamosi, kwake ilikuwa Krismasi na siku akipita na gari. Mwanangu wa kwanza alikuwa anavaa viatu vya kanisani Jumamosi saa mbili asubuhi anakaa kwenye ngazi mpaka mchana, na mi sina hata mstari mmoja wa kumwonyesha mtu kwamba leo ilikuwa siku yake.

Kwaiyo chukueni daftari, kwa Kiswahili chenu hicho hicho, muandike kama watu watakaogombana kesho. Likizo ya Juni kwa nani, Desemba kwa nani, gari la Makambako nauli analipa nani na huyo wa miaka 4 anasindikizwa na nani, maana hawezi kupakiwa kwenye basi kama gunia la viazi. Hela ya matunzo ni shilingi ngapi, tarehe ngapi, kwa simu ipi, ili meseji zibaki kama ushahidi. Usikubali "nikipata ntatuma". Sare, daftari, homa ya usiku, nani analipa. Anapiga simu siku gani. Kisha mwombe hakimu makubaliano hayo yaingie kwenye amri ya mahakama, la sivyo ni karatasi tu. Atayapima kwa maslahi ya watoto, mdogo chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kudhani ni vizuri akae na mama ingawa hilo linaweza kupingwa, na huyo wa 11 anaweza kuulizwa anataka nini, usimfundishe majibu tafadhali. Hali ikibadilika mbele, unarudi kuomba amri ibadilishwe.

Ukikwama kuandika tafuta msaidizi wa kisheria, ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawatambua na ni bure kwa asiye na uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza. Vishoka wa getini mahakamani wanaosema "mama nipe kidogo nikuandikie" wapite. Na mumeo akianza vitisho akisikia habari ya nyumba, acha habari ya kujifanyia mwenyewe, nenda dawati la jinsia polisi siku hiyo hiyo.

Anza na baraza wiki hii. Hiyo ya California kama ulishaiprinti nyuma si iko wazi, mpe mdogo achoree.