Falsafa itanisaidia nini?

SWALI: Kaka mhariri, mwanangu anasoma falsafa chuo, mi naona ada inapotea tu, hivi hiyo kitu imeshabadilisha maisha ya nani? (Mama, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, mbona imekubadilisha hata wewe! Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa ni falsafa ya ujamaa imeingizwa kwenye maisha ya watu, kiongozi alikuwa haruhusiwi mishahara miwili wala nyumba za kupangisha, bosi na mfagizi wote walikuwa wanaitana ndugu. Vijiji vya ujamaa vya kulazimishana kuhamia viliumiza watu, hilo sifichi. Ila juzi kwenye daladala konda kamwambia mzee mmoja mwenye suti yake, "ndugu, sogea nyuma", na mzee kasogea wala hajanuna, we unadhani hiyo ilianzia wapi?