Kalamu za mpingo: kwa nini hupasuka mdomoni na kutoka nene upande mmoja

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini kalamu zako za mpingo zinapasuka mdomoni unapozibana, na kwa nini kwenye kiungo cha katikati mti unakaa mnene upande mmoja. Ni makosa mawili tofauti, na bobari yako (patasi ya kukerezea) haihusiki na lolote kati yake.

Tuanze na kupasuka. Kalamu hizi nyembamba za kuzungusha zina vibomba vya brasi vya milimita 7, na bushi zake, vile vipete vya chuma vinavyokaa miishoni mwa mti kwenye mashine kuonyesha unene wa kuishia, ni kama milimita 8.3. Ukikereza hadi usawa wa bushi, mti unaobaki juu ya brasi pale mdomoni ni kama milimita 0.6 tu. Sasa gundi ikiwa imeganda ndani ya kibomba, ile ncha ya chuma ikiingia inageuka kabari. Brasi inatanuka kidogo, mpingo haunyumbuki, unapasuka.

Dawa ni kuziba kibomba kabla ya kugundisha. Kata kipande cha kiazi mbatata kibichi, kandamiza mdomo wa kibomba juu yake, kiazi kinabaki ndani kama kizibo. Gundi ikikauka unakichokonoa. Kikibaki kijigundi, pitisha tupa ndogo ya mviringo mpaka uone brasi inang'aa.

Gundi yenyewe iwe epoksi ya kuchanganya, ile inayokauka taratibu. Supagluu kwenye mpingo ni kujitafutia kesi: hushika kibomba kikiwa nusu njia, na kukitoa huwezi. Kwanza kwaruza brasi kwa msasa namba 150, futa ndani ya tundu kwa asetoni maana mpingo una mafuta, kisha ingiza kibomba huku unakizungusha ili gundi ienee. Acha hadi kesho yake.

Sababu nyingine ya nyufa ni joto na unyevu. Mpingo hukauka polepole mno. Pima kipande kwenye mizani ya jikoni kila wiki, uzito ukiacha kushuka ndipo ukitumie. Wakati wa kutoboa, biti ya milimita 7 iwe kali, iende taratibu, uichomoe kila sentimita moja kutoa unga. Ukiona moshi umeshachelewa. Kipande kiache kirefu kwa milimita 5 upande biti inapotokea, ukate baada ya kutoboa, kwa sababu hapo ndipo mti hubanduka.

Unene wa upande mmoja: watu wengi hulaumu tundu lililokwenda mshazari. Hapana. Pingili, yaani kipande cha mti kilichogundishwa kibomba, inazunguka kwa kufuata kibomba hicho, kwa hiyo tundu likipinda, mradi mti unatosha pande zote, kalamu itatoka duara. Kinachoharibu ni ule mhimili wa chuma, fimbo inayopita ndani ya vibomba kwenye mashine ya kukereza, kupinda kwa kubanwa mno. Nati yake kaza kwa vidole tu, na ncha ya nyuma ya mashine iuguse, isiusukume. Ukihisi mtetemo, zima, legeza robo mzunguko, washa tena. Mtetemo ukipungua, umepata jibu. Ukiendelea, viringisha mhimili juu ya kioo uone kama umeshapinda.

Halafu angalia miisho ya pingili. Lazima iwe pembemraba kabisa na kibomba, ichongwe mpaka duara zima la brasi ling'ae, basi, usizidishe. Mwisho ukiwa mshazari, bushi husukuma upande mmoja, mhimili unapinda hata kama hukukaza.

Msasa: 240, 320, 400, 600, kwa mkono mwepesi. Kipande kikiwa cha moto vidoleni, simama; joto la msasa huleta nyufa nyembamba kama unywele. Vanishi mpingo hauhitaji. Nta kidogo, kisha kandamiza konzi ya maranda ya mpingo huohuo ikizunguka, itang'aa. (Kwa mninga fanya tofauti: ondoa bushi za chuma kabla ya msasa, vumbi lake jeusi huingia kwenye vinyweleo vya mti na halitoki.) Na vaa barakoa, vumbi la mpingo huwasha ngozi na pua.

Kuunganisha, tumia jiriwa yenye mbao mdomoni. Ncha kwanza, kisha kizungushio (kile kinachotoa na kurudisha wino ukizungusha kalamu), kidogo kidogo, ukijaribu mrija wa wino kila mara. Ukikizamisha mno, wino utabaki umechungulia hata ukifunga kalamu, na kukirudisha nyuma ni shughuli.