Nyumba ya Kupangisha Nzuguni: Isajiliwe Wapi?

Swali: Nimemaliza kujenga nyumba ya vyumba vitatu Nzuguni, jijini Dodoma, na mtumishi mmoja aliyehamishiwa hapa anataka kuipanga pamoja na familia yake. Kiwanja kina hati kwa jina la marehemu mume wangu. Je, natakiwa kuisajili nyumba hiyo halmashauri kabla ya kuipangisha, na nianzie wapi?

Jibu: Nakupa pole kwa msiba, mama. Usitarajie daftari moja pale Halmashauri ya Jiji ambalo ukishaandikwa humo umemaliza, kwa kuwa shughuli hii imegawanyika kati ya idara ya ardhi, Mamlaka ya Mapato na serikali ya mtaa. Kwa maelezo yako, jambo la kushughulikia mapema kuliko yote ni jina lililomo kwenye hati.

Madhali hati bado ni ya marehemu, anayeweza kusaini mkataba wa upangaji kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hujafungua shauri la mirathi, lifungue sasa. Ukishateuliwa, peleka barua ya usimamizi ofisi ya ardhi ili umiliki uhamishwe kwa hatua zinazostahili. Nasisitiza hili kwa sababu mkataba uliosainiwa na mtu asiye na mamlaka humweka mpangaji mahali pabaya siku ndugu wengine wa marehemu watakapojitokeza kudai haki yao. Ukiwa huko, hakikisha pia kwamba kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka haidaiwi. Iwapo kiwanja kilimilikishwa enzi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa Mei 2017, soma muda ulioandikwa, kwa sababu hati nyingi za wakati ule zilikuwa za miaka 33.

Baada ya hapo nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ukiwa na kitambulisho cha taifa, uchukue namba ya mlipakodi (TIN) kama huna, na ueleze kwamba unapata mapato ya pango. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, atakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa na kuiwasilisha TRA, nawe umdai cheti cha zuio kwa kila malipo. Mkataba wenyewe hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya kodi ya nyumba ya mwaka, nao hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Wenye nyumba wengi huuruka, kisha wanapofika Baraza la Ardhi na Nyumba kumdai mpangaji mkorofi, mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi. Ni hasara kubwa kwa ushuru mdogo kiasi hicho.

Kodi ya majengo ni jambo jingine kabisa, na ndiyo inayozua ugomvi mara nyingi. Tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa kiwango ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Anayewajibika ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo andikeni waziwazi katika mkataba kama utamrudishia fedha hizo au zitapunguzwa kwenye kodi ya nyumba. Kodi yenyewe iandikwe kwa shilingi, hata kama mpangaji anapokea mshahara kwa dola, kwa sababu kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Serikali ya mtaa haina ugumu. Mpeleke mpangaji kwa afisa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti ili familia yake iandikwe kwenye daftari la wakazi, na umwachie mtendaji namba yako ya simu.

Familia ikiishi humo, matumizi ya kiwanja yanabaki kuwa makazi na huna kibali cha ziada cha kuomba. Lakini mpangaji akitaka kuigeuza ofisi, zahanati au nyumba ya kulala wageni, hapo ndipo maombi ya kubadili matumizi ya ardhi huanza, na leseni ya biashara hufuata. Kwa hiyo mkataba useme kwamba nyumba ni ya kuishi tu, na kwamba badiliko lolote linahitaji idhini yako ya maandishi.