Nilipoacha kumpa zawadi ya kuamka mkavu

Mwanangu wa pili alikojoa kitandani hadi alipofika miaka 8. Kila asubuhi godoro lilianikwa uani mbele ya macho ya majirani, na watoto wao walishamtungia wimbo. Nilianza kwa kuchapa. Nilipoacha fimbo nikaja na zawadi: akiamka mkavu, anapata.

Wiki ya pili nikakuta shuka bichi limesokomezwa chini ya kapu la nguo chafu. Nilikaa pale chini nikalia. Nilikuwa namdai mtoto jambo linalotokea akiwa amelala fofofo. Jioni ile mama mkwe akaniambia polepole kwamba baba wa mtoto naye alikojoa hivyohivyo utotoni, na mara nyingi tatizo hili hurithiwa.

Nikabadilisha. Nyota kwenye kalenda ikawa ya mambo anayoyaweza akiwa macho: amekunywa maji ya kutosha mchana, amekwenda kukojoa kabla ya kulala, asubuhi amenisaidia kutoa shuka. Hata kama limelowa, nyota yake anapata. Maji sikumnyima, nilipunguza chai ya jioni tu. Choo chetu kiko nje na giza analiogopa, kwa hiyo nikamwekea kopo lenye mfuniko na tochi chumbani. Tukamtibu pia tatizo la kupata choo kigumu, maana utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Hilo sikuliwaza mpaka daktari alipouliza.

Nyota zilimwondolea aibu, ila kilichomkausha ni kengele: kifaa kidogo kinachobanwa kwenye chupi na kulia mkojo ukianza kutoka. Wiki za mwanzo iliamsha nyumba nzima isipokuwa yeye. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na ndipo kazi yako ilipo. Mwamshe mpaka akujibu kwa akili zake, aizime mwenyewe, aende amalizie mkojo, mbadilishe shuka pamoja. Ukimbeba huku amelala hajifunzi kitu. Sisi tulihitaji wiki 11 kufikisha usiku 14 mfululizo bila kulowa, ndipo tukaivua.

Mtoto wa chini ya miaka 5 mwache akue. Lakini aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akaanza tena, au anayeumia akikojoa, au mwenye kiu isiyoisha huku anakonda, mpeleke hospitali leo hii apimwe mkojo na sukari.